Bawa la Kushoto la Musambi

Nikilikata, nitakuwa nimemfunga kwa mwaka mwingine mzima. Nisipolikata, ataondoka, na mama atabaki bila kitu hai hata kimoja kilichopita mikononi mwa dada yangu. Mawazo hayo mawili yalininyima usingizi tangu mvua za mwezi wa tano zilipoanza kupungua mpaka kiangazi kilipokolea. Kila nilipodhani nimemalizana na moja, lingine lilikuwa limekaa pembeni ya kitanda likinisubiri. Nilikuwa na lisansi, shahada ya chuo kikuu, ya biolojia kutoka Goma, sikuwa na kazi, na nilikuwa na ndege mmoja ambaye bawa lake lilikuwa likiota upya.

Ndege mwenyewe ni korongo wa taji, yule mrefu wa kijivu mwenye mashavu meupe na kishungi kichwani cha rangi ya majani makavu yaliyopigwa na jua. Kwetu Kingi, katika vilima vya Masisi, tunamwita musambi. Mama anasema alipoolewa, kila bonde lilikuwa na misambi wake, na watu hawakuwatazama mara mbili. Siku hizi mtu anaweza kupitisha mwaka bila kumwona hata mmoja. Mabonde yamekaushwa ili yapandwe kabichi na maharage, na vifaranga wengi huchukuliwa wakalelewa nyumbani, kwa sababu musambi ni mzuri wa kutazama na hupiga kelele mgeni akikaribia. Anayemlea humkata manyoya marefu ya bawa moja tu. Moja linatosha. Akijaribu kuruka anainama upande, anaanguka, na baada ya muda anaacha kujaribu.

Wetu alikuja na dada yangu mkubwa. Nilikuwa bado niko shule ya msingi. Watu walikuwa wakichimba mifereji katika bonde lililo chini ya nyumba yetu, na kila jioni majani ya majimaji yalikuwa yamepungua kuliko asubuhi. Katika kipande kilichobaki dada alikuta kifaranga cha kahawia kimelala kifudifudi, shingo imenyooshwa ardhini, macho wazi. Hakikukimbia, hakikulia. Dada akasema kimeachwa na mama yake, akakifunga kwenye kitenge chake kama wanavyofungwa watoto mgongoni, akapanda nacho kilima. Alikilisha panzi na unga wa mahindi. Alikataa kukipa jina. Alikiita tu "wewe", na ndege akazoea kuitika.

Sisemi kwamba ndege huyo ndiye aliyenifanya nisomee wanyama na mimea, lakini sikumbuki utoto wangu bila miguu yake mirefu ikipita mbele ya mlango. Memwari yangu, tasnifu ya kumaliza masomo, ilihusu ndege adimu wa mabonde na malisho ya Masisi, na majira ya kila mmoja. Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nilijifunza kutazama kilima kama nyumba yenye wapangaji wanaopishana. Mvua zikishanyesha vizuri, kuelekea mwisho wa mwaka, wanakuja viluwiluwi, ndege wadogo wa manjano wanaotikisa mkia, kutoka Ulaya, wanatembea kati ya miguu ya ng'ombe wakidaka nzi, na mwezi wa tatu au wa nne wanaondoka. Korongo weupe hupita juu sana, na mwaka wenye nzige na viwavi wengi hushuka kwenye malisho kwa siku chache. Bondeni, maji yakiwa mengi, kuna ndege wa matete wasioonekana, wanaosikika tu. Misambi nao hujenga kiota katikati ya matete hayo wakati wa maji, na kiangazi kikija wanatoka na watoto wao, wanapanda kwenye nyasi fupi za malisho, wanakutana makundi kwa makundi na kucheza. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, kila jozi inarudi kwenye bonde lake, kama bado lipo.

Mama aliisikiliza memwari yote niliyomsomea jikoni akichambua maharage, kisha akaniuliza kama hao ndege wana ofisi mahali fulani ambako wanaajiri.

Ilikuwa katika kusoma huko ndipo nilipojifunza jambo moja juu ya vifaranga. Kifaranga cha musambi hakilali kifudifudi kwa sababu kimeachwa. Hatari ikikaribia, wazazi wake huondoka kwa makelele, wakiburuta bawa kama limevunjika, ili adui awafuate wao, na mtoto hulala kimya mpaka warudi. Nilimpigia dada simu siku hiyohiyo. Wakati huo alikuwa ameshaolewa.

"Kumbe tulimuiba," akasema.

Nikamwambia hatukujua. Akasema ndiyo, hatukujua, lakini sasa iko wetu, atakwenda wapi? Kisha akaniomba nisimwambie mama.

Aliolewa Walikale. Shemeji alikuwa akija Masisi kununua maharage na fromaji, jibini ya kwetu, kupeleka kwao, na safari moja ikawa na mizigo michache na mazungumzo mengi. Watu wa kwao ni wakulima wa msituni, wanalima muhogo na michikichi, na baba zake walikuwa wawindaji. Dada alikwenda akiwa amezoea vilima ambako unamwona mtu anayekuja kukutembelea kabla hajaanza kupanda. Kule, alisema, hakuna mbingu. Mbingu iko juu ya mto na juu ya barabara, basi. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akipanda mahali palipokuwa na mtandao na kunipigia, na kwa sababu alijua ninachosoma, alinipa habari za ndege wa huko kama mtu anayempelekea mgonjwa matunda. Aliniambia kasuku wa kijivu wanarudi kulala jioni kwenye miti mirefu, wakibishana juu ya nafasi, na kwamba wazee wanasema zamani walikuwa wengi hadi mti unaonekana umepakwa majivu. Aliniambia hondohondo wakipita juu ya nyumba mabawa yao yanavuma kama fuso lililobeba mzigo linapopanda mlima, na kwamba hawakai mahali pamoja, wanafuata miti inayoiva, leo huku, mwezi ujao kule. Kisha, kabla salio halijaisha, aliuliza swali lake.

"Wameshuka?"

Alimaanisha misambi wa mwituni, wanaotua kwetu wakati wa kiangazi. Nilimjibu ndiyo au bado. Kama ni ndiyo, aliuliza wa kwetu amesema nini alipowasikia.

Alipopata mimba aliniambia mimi kabla ya kumwambia mama. Alisema kiangazi kinachofuata atakuja na mtoto, na mtoto atamwona musambi kwa macho yake, siyo kwa simu. "Mumukate vizuri," akasema. "Asiende kabla mutoto hajamuona."

Alifariki mwezi wa kumi na moja, katika kituo cha afya cha huko, akijifungua. Alitokwa na damu nyingi. Hospitali ambayo ingeweza kumsaidia ilikuwa upande mwingine wa barabara ambayo wiki ile hakuna aliyethubutu kuipita. Mtoto hakupumua. Waliwazika pamoja nyuma ya nyumba ya baba mkwe wake, penye michikichi, na sisi tulipata habari kwa simu, mama akiwa ameshika ndoo ya maziwa. Aliiweka chini taratibu, bila kumwaga.

Tulikaa matanga Kingi bila maiti. Watu walikuja, wanawake walilala na mama chini kwenye mikeka, moto uliwaka nje, nyimbo za kanisa ziliimbwa hadi sauti zikaisha. Lakini kwetu watu huinuka kutoka chini baada ya kuzika, na sisi hatukuwa na siku ya kuzika. Hakuna aliyejua tuinuke lini. Wageni walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa aibu, kama watu wanaotoka ibadani kabla ya baraka. Mwishowe mama akainuka mwenyewe kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalia kukamuliwa. Alipotoka nje musambi alimjia, akaudonoa mkunjo wa kitenge chake pale kiunoni, alivyozoea kufanya kwa dada ambaye alikuwa akificha mahindi hapo.

Mama hakuwa amelia tangu simu ile. Hakulia wakati huo pia. Alisimama akamwacha adonoe. Kuanzia asubuhi hiyo akawa na mahindi kiunoni kila siku, na akaanza kuzungumza naye. Nilimsikia kupitia dirishani. Alimwambia mvua imeharibu maharage, ndama mpya ananyonya vizuri, jirani amekimbia na watoto kwenda Goma. Alimwita mwanangu. Mimi, ambaye nilikuwa mwanae na nilikuwa ndani ya nyumba, nililala nikitazama mabati nikijiuliza kama nilikuwa na haki ya kuona wivu, na kama ningemwonea wivu ndege au marehemu.

Mwezi wa nne barabara ilifunguka kidogo, na shemeji akafika kwa pikipiki, amechakaa, matope hadi kifuani, na mfuko wa vitu vya dada. Hapo ndipo tulipoweza kumaliza matanga. Shangazi, dada ya marehemu baba, alikuja kusimamia, kwa sababu mambo hayo hayafanyiki bila yeye. Kwa desturi yetu vitu vya marehemu hutolewa nje, mbele ya watu, kimoja kimoja, na kila kimoja kinapewa mwenyewe. Kisichopata mwenyewe huachwa kiende: nguo hutolewa kwa mpita njia, chungu huvunjwa. Hakuna kinachorudishwa ndani bila mtu wa kukijibia.

Vitenge vikaenda kwa binamu zetu. Biblia akapewa mama. Kwenye mfuko kulikuwa na nguo ndogo za mtoto, hazijavaliwa, bado zina mikunjo ya dukani, na shangazi alizitazama kisha akazikunja tena na kumrudishia shemeji bila neno. Tulidhani tumemaliza.

"Na ile kuku ya inivesite?" shangazi akauliza. Ndivyo alivyomwita musambi tangu mimi niingie chuo kikuu.

Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka katika uwanja wetu kwa miezi, na hata mama alifunika mdomo. Musambi alikuwa amesimama kwenye rundo la kuni kwa mguu mmoja, kama anayesubiri kuitwa.

"Sikusema kwa kuchekesha," shangazi akasema. "Iko kitu ya marehemu. Kitu ya marehemu haibakake bila mwenyewe."

Mama akasema musambi ni wake, anamlisha yeye. Shangazi akamjibu kwa upole kwamba mzazi hamrithi mtoto wake, hilo halifanyiki, ni kama kusema ulikuwa ukikisubiri kifo chake. Wote wakamgeukia shemeji, ambaye kama mume alikuwa na neno la mwisho. Alimtazama ndege.

"Mumupe huyu," akasema, akininyooshea kidole mimi. "Yeye ndio anajua ndege."

Ndivyo nilivyompata. Shangazi akanishika mkono mbele ya wote na kuniambia nitamjibia. Niliitika, kwa sababu hapo mtu huitika.

Jioni shemeji aliniomba nimsindikize hadi ukingo wa malisho. Aliniambia watu wa kwao hawajui musambi, hawajawahi kumwona, msituni hana pa kusimama. Kwa hiyo dada aliwafundisha. Akiwa na tumbo kubwa, alisimama barabarani mbele ya nyumba, akafungua mikono, akaruka kidogo kidogo akiinamisha kichwa, mpaka watoto wa jirani wote wakawa wanaruka nyuma yake. Baba mkwe wake alitoka nje akauliza mke wa mwanawe amepatwa na nini. Shemeji alicheka akinisimulia, kisha kicheko kikamgeukia na ikabidi akae chini kwenye nyasi.

"Nilimuahidi mukubwa wako, mutoto ataona," akasema. Kisha akaniuliza kama ninamkata. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Sasa natakiwa kueleza habari ya manyoya, kwa sababu ndiyo iliyonipa muda wa kuwaza, na mtu kama mimi hapaswi kupewa muda. Unyoya uliokatwa haurudi. Unakaa hivyohivyo, kisiki, mpaka uanguke wenyewe na mwingine uote mahali pake. Unyoya unaoota una damu ndani ya bomba lake, na ukiukata wakati huo ndege anaweza kutokwa na damu vibaya. Baada ya dada kuolewa, jirani mmoja alimkata musambi bila kujua hilo, na damu ilichuruzika mpaka kwenye miguu. Mama hakumruhusu jirani huyo tena. Kwa hiyo inabidi kungoja bomba likauke na kuwa jeupe. Baada ya hapo unaweza kukata bila kumuumiza. Baada ya hapo, pia, anaweza kuruka.

Mwezi wa tano mama akaniuliza nitakata lini. Nikamwonyesha mabomba, yalikuwa ya bluu iliyoiva, yamejaa. Akatikisa kichwa. Mwezi wa sita hakuuliza, lakini alilitazama bawa kila musambi alipojinyoosha.

Mimi niliwaza. Niliwaza kwamba ndege aliyelelewa na watu haogopi watu, na kiangazi chenye njaa mtu atamwona musambi anayemjia mwenyewe kama kitoweo kilichotumwa. Niliwaza kwamba hajui kutafuta maji, hajui mbwa wa mwituni, hajui kwamba misambi wengine wanaweza kumfukuza. Akifa, nitakuwa nimemzika dada mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Kisha niliwaza upande wa pili: misambi huishi miaka mingi, wawili wawili, na huyu amesimama peke yake kwenye rundo la kuni tangu utoto wake na wangu. Kisha nikawaza kwamba huenda siwazi juu ya ndege kabisa. Huenda namtafutia dada njia ya kutoka msituni. Nilipofika hapo nilijigeuza upande wa ukutani.

Nilijiambia kwamba kabla ya yote lazima nijue kama huko nje bado kuna wa kumpokea. Nikapanda pikipiki hadi Kirolirwe, kwenye malisho makubwa, ambako wakati wa memwari nilikuwa nikikaa siku nzima na darubini ya kuazima. Wachungaji wawili waliniona nikitembea kando ya waya wa uzio.

"Dada, unatafuta ng'ombe ao bwana?" mmoja akauliza.

Nikamwambia natafuta misambi.

"Basi umekosa bwana," mwenzake akasema, na wakacheka mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

Walinionyesha mteremko. Walikuwepo. Walikuwa wachache kuliko nilivyowakumbuka, lakini walikuwepo, wametawanyika kwenye nyasi fupi, na kati ya jozi moja kulikuwa na mtoto mkubwa wa kahawia ambaye bado alifuata kila hatua. Nilikaa chini. Upepo ulipovuma wawili wakaanza kurukaruka mmoja mbele ya mwingine, mabawa wazi, na nikaona tumbo la dada na barabara ya Walikale ambayo sijawahi kuikanyaga. Nilipowauliza wachungaji kama kuna watu wanaowawinda, yule mcheshi akasema ndiyo, wako, mwaka jana mmoja alipigwa jiwe akaliwa, watu walikuwa wamekimbia vita na hawakuwa na kitu. Alisema bila kuficha na bila kulaumu. Nilirudi nyumbani nikiwa na majibu mawili, yote ya kweli, na hayakunisaidia.

Mwezi wa saba walishuka kwetu. Ilikuwa asubuhi, ukungu ulikuwa haujapanda, na jozi moja ikatua katika kile kipande cha bonde ambacho hakijalimwa. Hatukuwaona kwanza. Tulimwona wa kwetu akiacha mahindi chini. Alitembea hadi kwenye ua wa mbao, akanyoosha shingo, akaita, ile sauti yao inayofanana na tarumbeta iliyolowa. Kutoka chini kwenye ukungu wakamjibu. Aliita tena, wakajibu tena. Mama alikuwa nyuma yangu. Mahindi aliyokuwa ameyafunga kiunoni yalibaki yalivyo.

Siku hiyo mchana alikwenda dukani na kurudi na wembe mpya, bado umo katika karatasi yake. Akaniwekea mkononi.

"Kata leo," akasema.

Tulimshika pamoja, kama kawaida inavyotaka: mimi nimemkumbatia chini ya kwapa na kulifungua bawa la kushoto, mama amechuchumaa ameshika miguu ili asitukwaruze. Musambi hakupigana. Alikuwa amezoea. Alikuwa na harufu ya vumbi na moshi wa jikoni kwetu. Nilipanua manyoya kama mtu anavyopanua karata, nikatazama mabomba moja moja kuanzia nje kuja ndani. Yote yalikuwa meupe na makavu. Hapakuwa na damu ya kujifichia.

Nilianza kusema kabla sijaamua kusema. Nikamweleza mama kwamba kifaranga kile hakikuwa kimeachwa. Nikamweleza jinsi wazazi wanavyoondoka kwa makelele na kuburuta bawa, na jinsi mtoto anavyolala kifudifudi na kungoja. Nilisema yote nikitazama manyoya, kwa sauti ya mtu anayetetea memwari.

"Mukubwa wako alijua?" mama akauliza.

"Alijua. Nilimwambia mimi. Akasema tusikuambie."

Mama akashusha macho kwenye miguu aliyoishika.

"Na mama yake alirudi? Kumutafuta?"

"Wanarudiaka, Mama. Wanazunguka pale wakiita."

Ng'ombe mmoja alikohoa bandani. Kisha mama akasema, si kwangu hasa, "Mimi sikufika."

Na hapo akalia. Miezi minane alikuwa ameibeba huzuni ile, na iliposhuka haikushuka kwa sauti kubwa. Aliinama tu mpaka paji la uso wake likagusa manyoya ya kijivu, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. "Mimi sikufika kwa wangu," akasema tena. Vidole vyake vikaachia miguu kimoja kimoja. Kisha akainuka, akajifuta kwa kitenge, akaingia jikoni na kuvuta mlango. Hakuniambia kata, hakuniambia usikate. Nilibaki nimemshika ndege ambaye shangazi alisema nitamjibia, nikasubiri, nadhani, mtu atoke na kuniambia la kufanya. Hakuna aliyetoka.

Nikaurudisha wembe kwenye karatasi yake. Nikafungua mikono.

Saa za jioni niliwafungulia ng'ombe mimi mwenyewe, nikashuka nao bondeni, na musambi akafuata nyuma ya ng'ombe wa mwisho kama alivyofuata maisha yake yote. Jozi ilikuwa bado pale, upande wa matete. Alipowaona alisimama. Upepo ulikuwa ukipanda bonde, akafungua mabawa yote mawili, na kwa mara ya kwanza hayakumwangusha. Alinyanyuka kiasi cha urefu wa mtu, akashtuka, akatua kwa kukimbia. Akajaribu tena, akafika mbali zaidi. Wale wawili wakainua vichwa, wakasogea kando, hawakumjia, hawakukimbia. Nilikaa mpaka jua likagusa kilima cha ng'ambo.

Nilipowaita ng'ombe na kuanza kupanda, alikuja. Nilijua angekuja. Nilikuwa nimeliwaza hilo pia, nimewaza hadi nikalijibu: sitamzuia kurudi, lakini sitamfungulia tena kwa mkono. Akitaka kuingia ataingia kwa mabawa, na ndege anayeweza kuingia hivyo anaweza pia kutoka siku yoyote anayotaka. Ua wetu wa mbao una urefu unaomzidi mtu, na usiku misambi hulala juu ya miti. Mikaratusi iko pale pale nje. Niliyarudia hayo njia nzima nikisikia hatua zake nyuma yangu kwenye kokoto.

Ng'ombe wakaingia. Niligeuka nikiwa nimesimama katikati ya lango. Alikuwa hatua chache, amesimama, akingoja nipishe. Nikamwita kwa neno lile dada alilokuwa akimwita, mara moja, kisha nikavuta lango, nikashusha gogo la kufungia katika vishikio vyake. Alidonoa ubao kutoka nje. Akadonoa tena. Halafu akaita, na sauti ilipita juu ya ua ikaenda jikoni.

Mama hakutoka. Moshi ulikuwa ukipanda kama kawaida.

"Umefunga?" akauliza kutoka ndani.

"Nimefunga, Mama."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya gogo. Nikauondoa, nikaenda kumsaidia na chakula.